Nyongeza Nne Kila Ngazi ya Tano: Tathmini ya Pathfinder, Toleo la Pili

Mchezo wowote wa kuigiza wahusika wa dunia ya njozi hupimwa, kwa maoni yangu, siku ile mhusika anapopanda ngazi na mchezaji wake anashika penseli kuamua ni sifa gani aikuze. Hapo ndipo inapojulikana kama waliotunga kanuni walizifikiria kwa makini au walimwachia msimamizi wa mchezo kazi ya kuziba nyufa. Mezani kwetu, hapa Dar es Salaam, tunakutana wachezaji wanne pamoja nami msimamizi kila Jumamosi baada ya magharibi, na kampeni yetu ya Pathfinder, toleo la pili, yaani hadithi moja ndefu tunayoicheza wiki hadi wiki, tumeitoa ngazi ya 1 tukaifikisha ya 15. Katika mchezo huo mkubwa nitatathmini jambo moja tu, yaani namna unavyogawa nyongeza za sifa, kwa sababu naamini hapo ndipo watungaji wake walipofanya kazi nzuri kuliko pengine popote, na hapo hapo pana kasoro ambazo mnunuzi anastahili kuzijua kabla hajatoa fedha yake.

Mchezo huu hutolewa na kampuni ya Paizo ya jimbo la Washington, Marekani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2009, na la pili likatoka Agosti 2019 baada ya rasimu yake kufanyiwa majaribio na wachezaji wenyewe kuanzia mwaka 2018. Kitabu cha kanuni cha 2019 kina kurasa 640. Mwaka 2023 kanuni zilipangwa upya na kugawanywa katika vitabu kadhaa, cha mchezaji kikiitwa Player Core. Nitatumia kwanza hesabu za kitabu cha 2019, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha waziwazi mashine inavyofanya kazi, kisha nitaeleza kilichobadilika.

Kila mhusika ana sifa sita, ambazo sisi tumezoea kuziita Nguvu, Wepesi, Siha, Akili, Busara na Haiba. Zote zinaanzia alama 10. Alama 10 haikupi wala haikunyimi chochote; kila alama mbili juu ya hapo zinazaa ziada ya 1, na ziada hiyo ndiyo unayoijumlisha kwenye dadu ya pande 20 unapopiga upanga, unaporuka shimo au unapomshawishi mlinzi wa lango. Nyongeza moja hupandisha sifa kwa alama 2 iwapo sifa hiyo iko chini ya 18. Ikishafika 18 au zaidi, nyongeza hiyo hiyo hupandisha alama 1 tu. Msomaji aishike kanuni hii ndogo, kwa sababu karibu kila nitakachosema kinatokana nayo.

Nyongeza za mwanzo hutolewa kwa hatua nne: nasaba ya mhusika (awe binadamu, au kiumbe wa njozi kama goblini, dwafu au elfi), maisha yake ya awali, fani yake, na hatimaye nyongeza nne za hiari. Katika kila hatua, nyongeza haziruhusiwi kurundikwa kwenye sifa moja. Nitatoa mfano wa mhusika wa dada mmoja mezani kwetu, ambaye aliamua kucheza goblini mwenye fani ya manju, yaani mtunzi na mwimbaji ambaye nyimbo zake ni uganga. Goblini hupewa nyongeza ya Wepesi na ya Haiba, na nyingine moja ya hiari, lakini hupunguziwa alama 2 za Busara. Dada aliweka ya hiari kwenye Siha. Kwa maisha ya awali alichagua mfanyabiashara, ambayo humpa mtu nyongeza ya Akili au Haiba, na moja ya popote. Akachukua Haiba, na ile nyingine akaitumia kuirudisha Busara kwenye 10. Fani ya manju ikampa Haiba tena. Zile nne za mwisho akazigawa kwa Haiba, Wepesi, Siha na Busara. Alipomaliza, karatasi yake ilisomeka Nguvu 10, Wepesi 14, Siha 14, Akili 10, Busara 12 na Haiba 18. Kazi yote ilichukua kama dakika kumi, na hakuna mahali aliponiuliza kama amekosea, kwa sababu kanuni zenyewe hazimruhusu kukosea vibaya.

Ukihesabu nyongeza zake na kutoa ule upungufu mmoja, utapata 9. Binadamu, ambaye nasaba yake humpa nyongeza mbili za hiari bila upungufu wowote, naye hupata 9. Dwafu mwenye Siha na Busara nyingi na Haiba pungufu hupata 9. Elfi mwepesi, mwenye akili nyingi lakini mwili dhaifu, hupata 9. Wachezaji wanne wakikaa meza moja, kila mmoja na nasaba yake na fani yake, wote husimama kwenye sakafu moja, na tofauti zao hutokana na walichochagua. Waliocheza michezo ya zamani wanajua thamani ya jambo hili. Tangu Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo uliozaa michezo ya aina hii, ambapo sifa zilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, ilikuwa kawaida mchezaji mmoja kuanza safari akiwa shujaa na jirani yake akiwa mgonjwa, na hali hiyo kudumu kwa miezi. Nimewahi kusimamia meza ya namna hiyo katika mchezo mwingine. Kijana aliyebahatika kwenye dadu alitawala kila pambano, na mwenzake ambaye dadu zilimtupa aliacha kuja wiki ya nne, akisema ana shughuli. Kitabu cha 2019 bado kinaruhusu kurusha dadu kwa anayependa, lakini kama njia ya pembeni, na sioni sababu ya kuitumia.

Sasa tuje kwenye ukuaji. Mhusika akifika ngazi ya 5, kisha ya 10, ya 15 na ya 20, hupata nyongeza nne kwa mpigo, na zote nne lazima ziende kwenye sifa nne tofauti. Nakumbuka vizuri Jumamosi tuliyofika ngazi ya 5. Yule dada alishika kifutio, akaangalia Haiba yake ya 18, akaniuliza, “Kaka, nikiziweka zote nne kwenye Haiba si nitawamaliza?” Nikamjibu, “Haiwezekani, dada. Moja moja tu, kila moja na sifa yake.” Alinuna kidogo, akaandika Haiba 19, Wepesi 16, Siha 16, Busara 14. Halafu akagundua kwamba Haiba ya 19 ina ziada ile ile ya 4 aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na kwamba sifa zilizokuwa nyuma ndizo zilizopata faida halisi siku hiyo.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa mchezo huu. Kazi ngumu kuliko zote katika kusawazisha nyongeza ni kumfanya mtaalamu wa jambo moja na mtu wa mambo mengi waishi pamoja bila mmoja kumfanya mwenzake aonekane mjinga. Ukiruhusu sifa kuu ipande bila kikomo, kila mchezaji mwenye akili atarundika kila kitu hapo, na ukiibana kabisa, utaalamu unapoteza maana. Pathfinder imechagua kuuza kilele kwa bei kubwa na bonde kwa bei nafuu: kutoka 10 hadi 18 unalipa nyongeza moja kwa kila ziada, lakini kuanzia 18 unalipa mbili.

Linganisha wahusika wawili. Wa kwanza anaanza na 18 katika sifa kuu. Wa pili anaanza na 16, na ile nyongeza aliyoiokoa ameiweka mahali pengine, tuseme kwenye Akili. Katika ngazi ya 1 hadi ya 4, wa kwanza yuko mbele kwa ziada 1. Wakifika ngazi ya 5 na wote wawili wakaikuza sifa kuu, wa kwanza anakuwa na 19 na wa pili 18, kwa hiyo ziada yao ni 4 kwa 4, huku wa pili akiwa bado na ile Akili yake ya ziada. Ngazi ya 10 wa kwanza anafika 20 na wa pili 19, na pengo linarudi. Ngazi ya 15 ni 21 kwa 20, wamelingana tena. Ngazi ya 20 ni 22 kwa 21, na wa kwanza anatangulia mara ya mwisho. Ukizihesabu, mtaalamu yuko mbele katika ngazi 10 kati ya 20, na katika ngazi 10 nyingine yule mwenye mambo mengi yuko sawa naye kwenye sifa kuu na anamzidi kwingineko. Nilipoiandika hesabu hii kwa mara ya kwanza kwenye daftari langu la usimamizi niliirudia mara mbili, kwa kudhani nimekosea, maana sikutegemea usawa ukae sawasawa namna hiyo. Hata kile kifaa cha uganga cha ngazi ya 17 kinachopandisha sifa moja kwa alama 2 hakiuvunji mpangilio: kinampeleka wa kwanza kutoka 21 hadi 23 na wa pili kutoka 20 hadi 22, na ziada ya wote wawili inakuwa 6.

Mtu anaweza kuuliza kama ziada moja inastahili hesabu zote hizi. Katika mchezo huu inastahili, na sababu iko kwenye kanuni ya ushindi. Ukipita kiwango kinachotakiwa kwa 10 au zaidi, unapata ushindi wa daraja la juu, ambao kwa upanga au mshale huzidisha madhara mara mbili. Sisi tunaliita pigo pacha. Chukua mpiganaji anayehitaji dadu imwonyeshe 10 ili ampate adui. Dadu ikionyesha 10 hadi 19 anampiga pigo la kawaida, na ikionyesha 20 anapata pigo pacha. Kwa hesabu ya wastani, kila shambulio lake lina thamani ya mapigo 0.60. Mwongezee ziada 1 tu: sasa 9 hadi 18 ni pigo la kawaida, na 19 na 20 zote ni pigo pacha, na thamani inapanda hadi 0.70. Ni ongezeko la karibu asilimia 17 kutokana na namba moja. Kama pigo pacha lingebaki kwenye 20 peke yake, kama ilivyo katika michezo mingi ya ukoo huu, thamani ingepanda kutoka 0.60 hadi 0.65 tu. Kwa hiyo mtunzi wa Pathfinder asingeweza kugawa nyongeza kwa ukarimu usio na mpaka. Kila ziada anayoitoa inabisha hodi milango miwili kwa wakati mmoja.

Wanaotoka kwenye Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, wataona tofauti mara moja. Huko fani nyingi hupata alama 2 katika ngazi ya 4, 8, 12, 16 na 19, kikomo ni 20, na meza ikiruhusu vipaji maalumu, mchezaji hulazimika kuchagua kati ya kukuza sifa na kuchukua kipaji. Ni mpango mwepesi kuueleza kwa mgeni, na sitaudharau. Lakini mpiganaji aliyeanza na Busara 8 huko mara nyingi huimaliza kampeni nzima na Busara 8, kwa sababu kila alama aliyopewa ilikuwa na mahali muhimu zaidi pa kwenda. Katika Pathfinder vipaji vina njia yake na nyongeza zina njia yake, na jumla ya nyongeza za ukuaji ni 16. Mhusika wa ngazi ya 20 anaonekana kweli ni mtu aliyeishi, ambaye miaka ya safari imemkomaza mwilini na kichwani, hata katika mambo yasiyo ya fani yake.

Nimeisifu hesabu hiyo kwa dhati, na kwa dhati hiyo hiyo nitasema inapobana.

Kasoro ya kwanza niliigusa pale dada aliponuna. Alama 19 na 21 ni alama zisizozaa. Mtaalamu anayeanza na 18 anaweka nyongeza yake kwenye sifa anayoipenda kuliko zote katika ngazi ya 5, na haoni chochote hadi ngazi ya 10. Kwa meza inayokutana mara moja kwa wiki, hiyo inaweza kuwa miezi mingi. Kihesabu ni sawa kabisa, kwa kuwa ndiyo bei ya kilele niliyoisifu hapo juu, lakini mchezaji hachezi na hesabu peke yake. Kupanda ngazi ni sherehe ndogo, na si vizuri mtu atoke kwenye sherehe yake akiwa na kipande cha ahadi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu uhuru wa kuchagua. Mchezo una aina tatu za kujinusuru: kwa mwili, kwa wepesi na kwa nia, ambazo hutegemea Siha, Wepesi na Busara kwa mfuatano huo. Siha ndiyo pia inayoongeza alama za uhai katika kila ngazi. Wepesi huongeza kinga dhidi ya mapigo kwa asiyevaa chuma kizito. Busara hutawala umakini, ambao kwa kawaida ndio huamua nani anatangulia kwenye pambano. Sasa jumlisha: sifa kuu ya fani moja, na hizi tatu za kujinusuru, jumla nne. Nyongeza ni nne, na viti vinne vimeshakaliwa. Rudi juu ukaangalie alichoandika yule dada katika ngazi ya 5: Haiba, Wepesi, Siha, Busara. Hakushauriwa na mtu. Msihiri wa mezani kwetu, ambaye sifa yake kuu ni Akili, aliandika Akili, Wepesi, Siha, Busara. Ngazi ya 10 wote wawili wakarudia vile vile. Kitabu kinasema nyongeza hizi ni za hiari, na kwa herufi ni kweli, ila joka likipuliza moto na mwenye Wepesi mdogo akaanguka kwanza, hiari hiyo huwa na gharama ambayo wachezaji wengi hawako tayari kuilipa.

Matokeo yake Nguvu, Akili na Haiba, kwa asiyezihitaji katika fani yake, hubaki kama vyumba vya wageni. Akili inaumia zaidi. Ukiikuza baadaye, ziada mpya inakupa stadi moja ya kiwango cha mwanafunzi na lugha moja; kujifunza stadi mpya kwa kiwango hicho katika ngazi ya 10, wakati wenzako ni mabingwa wa stadi zao, ni faraja ndogo. Nguvu angalau ina kazi ya kubeba mizigo. Anayevaa deraya nzito kabisa ana nafuu, kwa sababu vazi lenyewe humsaidia kujinusuru dhidi ya madhara yanayokwepwa kwa wepesi, na hivyo anaweza kuutoa Wepesi kwenye orodha yake. Hilo lilikuwa wazo zuri, na ningependa kuona mengine ya aina hiyo kwa fani zisizovaa chuma.

Kwa haki niseme kwamba mfumo wenyewe una dawa, ila unaichelewesha. Tulipofika ngazi ya 15 mwezi uliopita, karatasi ya dada ilikuwa na Haiba 20, Wepesi 18, Siha 18 na Busara 16. Alianza kuandika nne zile zile kwa mazoea, kisha akasimamisha penseli. Haiba ingekuwa 21, Wepesi 19, Siha 19, na kati ya nyongeza zote nne ni ile ya Busara peke yake ambayo ingezaa ziada siku hiyo. Akatulia muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitulia. Mwishowe akaweka Haiba, akaweka Busara, na zile mbili zilizobaki akampa goblini wake Nguvu 12 na Akili 12, akasema manju aliyezunguka nchi zote hizo lazima atakuwa amejifunza kusoma ramani na kujibebea ngoma yake. Bei ya kilele ilikuwa imeanza kuzigusa sifa zake za pili na za tatu, na hapo hiari ikawa hiari ya kweli. Natamani siku hiyo ingefika ngazi ya 8 au ya 9, maana kampeni nyingi ninazozifahamu huvunjika kabla ya ngazi ya 15, na wachezaji wake hawaionji kamwe sehemu hii tamu ya mpango.

Kasoro ya tatu inawahusu wachache, lakini kwao ni kubwa. Zipo fani ambazo sifa yao kuu siyo wanayopigania. Mwanaalkemia, kwa mfano, ana Akili kama sifa kuu, lakini anaporusha chupa zake za moto anatumia Wepesi. Kwa kuwa nyongeza ya fani inakwenda kwenye Akili, Wepesi wake katika ngazi ya 1 hauwezi kuzidi 16. Rudi kwenye ulinganisho wa wahusika wawili hapo juu, utaona kwamba yeye amehukumiwa kuwa yule wa pili kwa lazima, nyuma ya mpiganaji katika zile ngazi 10, bila kuwa amechagua. Fani ya mpelelezi ina tatizo la namna hiyo hiyo, lakini watungaji walimtengenezea njia ya kutumia Akili kwenye shambulio alilolipanga kabla. Mwanaalkemia hakupewa njia hiyo. Anayetaka kumchezesha ajue kwamba thamani yake iko kwenye wingi wa dawa na mabomu kuliko kwenye shabaha, na msimamizi asimpime kwa kipimo cha mwenye upanga.

Marekebisho ya 2023 yamegusa sehemu hii kwa mkono mwepesi na wa busara. Alama za 10, 12 na 14 zimeondolewa kabisa, na mhusika huandikiwa ziada peke yake: badala ya Haiba 18 unaandika 4. Nyongeza ni kuongeza 1. Ziada ikifika 4, nyongeza inayofuata huwa nusu, na nusu mbili ndizo zinazotoa 1. Hesabu ni ile ile kabisa, lakini mgeni haulizi tena kwa nini 19 na 18 ni kitu kimoja. Sisi huchora mkwaju mdogo (/) kando ya namba kuonyesha nusu iliyolipwa, na ajabu ni kwamba mkwaju huo umepunguza manung'uniko ya ile kasoro ya kwanza: mtu anayeona nusu anajua yuko njiani, ilhali aliyeona 19 alijiona amedhulumiwa. Kanuni mpya pia zimeshikilia ruhusa ya nasaba yoyote kuchukua nyongeza mbili za hiari badala ya zile ilizopangiwa pamoja na upungufu wake, na kwa kuwa tatu ukitoa moja ni mbili, ile sakafu ya 9 haikuguswa. Goblini mwenye busara au dwafu mwenye haiba sasa hamgharimu mchezaji wake kitu.

Ipo pia kanuni ya hiari, iliyotolewa katika kitabu cha wasimamizi cha mwaka 2020, ambayo naipendekeza kwa meza zenye wachezaji wapya. Badala ya kusubiri ngazi ya 5 na kupata nyongeza nne kwa mpigo, mhusika hupata moja katika ngazi ya 2, 3, 4 na 5, kisha moja moja kuanzia 7 hadi 10, 12 hadi 15, na 17 hadi 20. Ndani ya kila kundi la nne, sifa hazirudiwi. Tuliijaribu katika kampeni fupi ya pembeni, na kila Jumamosi mtu alikuwa na kitu cha kuandika. Msimamizi aangalie jambo moja: mwenye 18 ya mwanzo akiitanguliza sifa kuu kila mara, ziada yake ya 5 inafika ngazi ya 7 badala ya ya 10, na maadui wa ngazi hizo za katikati wataanguka mapema kidogo kuliko walivyokusudiwa. Mimi niliwaongezea adui mmoja wa pembeni katika mapambano makubwa, ikatosha.

Kwa anayeanza leo, kitabu cha kununua ni Player Core cha 2023. Kina kurasa 464, nasaba 8 na fani 8, miongoni mwake manju, kuhani, mpiganaji na msihiri. Mwanaalkemia yumo katika Player Core 2 cha mwaka 2024. Kile kikubwa cha 2019 kina thamani kwa mkusanyaji, au kwa mtu atakayekipata kwa bei ya kuachiwa na rafiki. Gharama ya kusafirisha vitabu hivi hadi kwetu ni kubwa, kwa hiyo ni muhimu kujua kwamba kanuni zote zinasomwa bure na kwa ruhusa ya wachapishaji kwenye tovuti ya Archives of Nethys, na kwamba ipo programu ya simu iitwayo Pathbuilder 2e inayomjenga mhusika hatua kwa hatua na kukataa yenyewe nyongeza iliyorudiwa. Kanuni na programu zote mbili ni za Kiingereza. Kabla hujalipa, wajenge humo wahusika wawili wa fani moja, mmoja aanze na ziada ya 4 na mwingine ya 3, uwapandishe wote hadi ngazi ya 10, kisha uwaweke kando kwa kando na uamue ungependa kukaa mezani na yupi.